Git Katika Mashine Kongwe

Wapo wasemao kwamba kompyuta ya Unix iliyopitwa na wakati haina haki ya kudai programu mpya, itupwe. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni orodha ya maneno ya Kifipa. Naitunza hapa Sumbawanga katika mashine ya Solaris 9, mfumo uliotoka mwaka 2002, na wenzangu hunirekebishia kutoka Namanyere na Laela. Maana ya neno moja huweza kubadilishwa mara tano, na si lazima ile ya tano iwe ndiyo bora. Ndipo inapohitajika programu ya kutunza matoleo, yenye kukumbuka nani kabadili nini na kabla yake palikuwaje.

RCS, aliyoibuni Walter Tichy mwanzoni mwa miaka ya 1980, hukubali mashine hizi bila manung'uniko. Tatizo lake ni kwamba anayehariri hulifunga faili mwenzake asiliguse. Watu wa miji mitatu watafungiana hadi lini? CVS iliondoa kufungiana, lakini ikadai seva moja ambayo kila mtu aifikie kila anapotaka kuweka badiliko.

Git ya Linus Torvalds, ya mwaka 2005, yatufaa kuliko zote. Kila mwenye nakala anayo historia nzima. Intaneti ikilala wiki nzima kazi haisimami, na amri ya bundle huifunga historia katika faili moja, likapanda basi kwenda Namanyere.

Kasoro iko mlangoni. Kwenye mfumo wa zamani Git haiji imeiva. Hujengwa kutoka msimbo wake. Hilo silo ninalolilaumu: wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri ndefu za udongo, kisha wakakisafisha tena katika tanuri ndogo, ndipo likapatikana jembe. Nami hutafuta make ya GNU, kwa kuwa ile ya Solaris haitoshi; huiweka /usr/xpg4/bin mbele, kwa kuwa sh ya zamani huzivunja skripti; halafu huandika NO_CURL, NO_OPENSSL na NO_GETTEXT ili nisidaiwe maktaba nisizozihitaji. Kwamba waandishi wake waliacha milango hiyo wazi ni heshima kubwa kwa maskini.

Lakini milango inafungwa. Tangu toleo la 2.35, la Januari 2022, kompaila isiyojua C99 haikaribishwi. Mwaka 2025 wasimamizi wake waliandika kwamba toleo la 3.0 litaifanya lugha ya Rust kuwa ya lazima, na kompaila ya Rust haifiki Solaris 9. Wanataja usalama, na wana haki. Ila wanaohesabu faida hiyo wana mashine za mwaka jana mezani. Hasara inahesabiwa kwingine.

Kwa hiyo nimebaki na toleo la 1.9, la mwaka 2014, na Git mpya ya Laela huisoma kazi yake bila shida. Kinyume chake ndicho cha kuchunga: toleo la 3.0 limepangwa kuanzisha hazina mpya kwa SHA-256, ambayo 1.9 haiijui kabisa. Nimemwandikia mwenzangu kwamba, siku atakapoanza orodha ya methali, achague SHA-1 mwenyewe kabla hajaweka hata neno moja.