Jinsi GitLab Ilivyofuta Kanzidata Yake Yenyewe

Majina ya seva hizo mbili yalitofautiana kwa tarakimu moja tu: db1.cluster.gitlab.com na db2.cluster.gitlab.com. Ya kwanza ilibeba kanzidata kuu ya PostgreSQL ya GitLab.com, tovuti ambako watengeneza programu huhifadhi kazi zao. Ya pili ilibeba nakala iliyofuatisha kila badiliko. Zote zilikuwa kwenye wingu la Microsoft Azure, na wahandisi walizisimamia kwa kuandika amri kutoka mbali. Januari 31, 2017, muda mfupi kabla ya saa 6 usiku kwa saa za UTC, amri ya kufuta iliyokusudiwa db2 iliandikwa kwenye dirisha la db1.

Jioni hiyo mzigo ulikuwa umepanda ghafla, kwa sehemu kutokana na watumaji wa ujumbe taka, na db2 ikaachwa nyuma. Kumbukumbu za mabadiliko ambazo ingezitumia kujisahihisha zilikuwa zimeshaondolewa kwenye db1. Ikabaki njia moja: kuifuta data ya db2 na kuinakili upya kutoka db1 kwa programu ya pg_basebackup.

Hapo ndipo mkasa ulipoiva. Programu hiyo ilipoanzishwa ilikaa kimya. Haikutoa kosa, haikuonyesha hatua yoyote. Kumbe ilikuwa inasubiri tu db1 ianze kutuma data, lakini kwa mtu aliyechoka mbele ya skrini, kusubiri na kukwama huonekana sawa. Mhandisi akadhani folda ya data ina mabaki yanayozuia kazi, akaamua kuisafisha kwa rm -rf, amri isiyouliza swali. Sekunde moja au mbili baadaye alishtuka na kuisitisha. Kati ya takriban GB 300, zilikuwa zimebaki GB 4.5.

Mtu anaweza kufuta folda isiyo yake siku yoyote. Kinachoumiza zaidi ni kilichoonekana timu ilipokimbilia nakala rudufu. Programu ya pg_dump ilipangwa kutoa nakala kila siku na kuzipeleka kwenye hifadhi ya wingu ya Amazon S3, lakini iliyokuwa ikitumika ni toleo la 9.2 huku kanzidata ikiwa ya 9.6. Ilishindwa kila mara, na hifadhi ya S3 ilikuwa tupu. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko nazo zilikataliwa na mfumo wa kupokea barua kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Picha za diski za Azure hazikuwa zimewashwa kwa seva za kanzidata.

Iliyowaokoa ni picha ya diski ya LVM ambayo mhandisi aliipiga kwa mkono takriban saa 6 kabla, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Ilikuwa kwenye diski za polepole za seva ya majaribio, hivyo kuirudisha data kulichukua takriban saa 18. Wakati wote huo kampuni iliandika maendeleo kwenye waraka wa wazi na kuonyesha kazi moja kwa moja YouTube. Hazina za msimbo zilisalimika. Lakini mabadiliko ya kanzidata tangu saa 11:20 jioni yalipotea, yakiwemo ya miradi ipatayo 5,000, maoni yapatayo 5,000 na akaunti mpya 700 hivi.

GitLab haikumtupia mhandisi lawama, na ilifanya haki: mfumo uliomwacha atambue seva kwa tarakimu moja ndio uliokosea. Miongoni mwa marekebisho ya kwanza yaliyoorodheshwa ni kubadili rangi ya kiashiria cha amri, nyekundu kwa seva za kazi halisi na njano kwa za majaribio.

Huduma za wingu sasa zina breki zake. Kwenye RDS, huduma ya kanzidata ya Amazon, amri ya aws rds delete-db-instance hukataa kufanya kazi hadi mtumiaji ataje jina la nakala ya mwisho, au aandike mwenyewe --skip-final-snapshot kwamba haitaki. Kinga dhidi ya ufutaji, ikiwashwa, lazima kwanza izimwe kwa amri nyingine. Breki hizo hulinda seva tu. Amri ya kufuta jedwali, DROP TABLE, iliyoandikwa ndani ya psql, programu ya amri ya PostgreSQL, huzipita zote. Dhidi ya hiyo kuna zoezi ambalo GitLab ingelihitaji mapema: kuifungua nakala kwenye seva mpya kwa restore-db-instance-from-db-snapshot, kuingia kwa psql, na kuhesabu safu za majedwali makubwa kabla ya kuamini kwamba data imo.