Kitabu cha Kusoma Angani: Kusadikika, Nagona, Walenisi na Babu

Kuna swali ambalo sisi tunaojiita watu wa fasihi ya Kiswahili hatuulizwi mara nyingi, na tukiulizwa tunababaika. Mama mmoja hapa Tumba, Mtanzania anayefanya kazi ya kutunza wazee, alikuwa anakwenda Dar kwa likizo. Akaniambia: "Mwalimu, nitafutie riwaya ya Kiswahili ya kusoma kwenye ndege. Iwe ya maajabu, majini, dunia nyingine, mambo hayo. Lakini ya watu wazima. Mwanangu anasoma mijitabu ya namna hiyo kwa Kiswidi, kila kimoja kama tofali. Na tafadhali, isiwe ya shule."

Hilo la mwisho ndilo zito. Maana riwaya za kifantasia tunazo, tena za watu wazima hasa, na baadhi ni katika maandishi bora kabisa ya lugha yetu. Lakini zipi kati yake si za shule? Sisemi za watoto. Nasema zile ambazo msomaji anazifungua bila kuhisi kwamba kuna mtu amesimama nyuma ya kiti chake anataka ataje dhamira tano na mbinu tatu za kisanaa.

Ndege ni mtihani wa haki kwa kitabu. Kutoka Arlanda mpaka Dar es Salaam unapita Addis Ababa, Doha au Istanbul, na ukijumlisha kungoja uwanjani, nusu siku imekwenda au zaidi. Huna kamusi, huna tahariri ya kukueleza, huna mwalimu. Mtoto wa kiti cha mbele analia, chakula kinapita, taa zinazimwa, jirani anataka kwenda msalani. Ukikifunga kitabu katikati ya sentensi, je, mkono wako unakirudia wenyewe? Hapo hakuna sifa ya profesa itakayokisaidia.

Tuanze na Shaaban Robert, kwani ndiye anayetajwa kwanza na kila mtu. Kusadikika (1951) ni nchi iliyoko hewani, kwa hiyo utadhani iliandikwa kwa ajili ya abiria wa dirishani! Karama anashtakiwa, anajitetea barazani, na utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mbinguni na ardhini pia, wakarudi na hekima na kulipwa kifungo. Ni kitabu cha ujasiri, ukikumbuka kilitoka wakati wa ukoloni. Lakini kwa safari ndefu kina kasoro moja ambayo heshima yetu kwa mzee imetuzuia kuisema: ukishamwona mjumbe wa pili unajua yatakayompata wa tatu. Maajabu yapo, ila yanatembea kwa saa. Hotuba ni nzuri mno, na hotuba nzuri angani huleta usingizi mzuri.

Adili na Nduguze (1952) ni habari nyingine. Hapa Shaaban Robert alichota katika kisima cha Alfu Lela Ulela, na kisima kile hakijui kuhubiri kabla ya kusimulia. Liwali mpole, mwadilifu, kila usiku anawachapa manyani wawili huku moyo ukimuuma. Kwa nini? Basi, umeshakamatwa. Kuna jini, kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, kuna ndugu wenye husuda, na majina ya watu yanakwambia mapema nani mwema nani mwovu, lakini hilo haliharibu kitu kwa sababu fumbo la manyani linataka kufumbuliwa. Ni kifupi tu. Kwa kipande cha kwanza cha safari kinatosha, na ubaya wake ni kwamba karibu kila aliyepita shule ya Afrika Mashariki anadhani anakijua. Hakijui. Alikisoma kwa ajili ya mtihani.

Halafu kuna Kezilahabi. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni vijitabu vyembamba, vyote viwili pamoja havifiki kurasa 150, ukiviweka kando ya matofali ya Kiswidi vinafanana na tiketi. Tumeviandikia makala mengi kuliko riwaya nyingine yoyote ya namna hii: falsafa, visasili, udhanaishi, kuvunjwa kwa muundo, na yote hayo ni kweli. Msomaji wa kawaida akisikia hayo anavikimbia kama ukoma. Mie nasema tumeviuza vibaya. Nagona isomwe kama mtu anavyoota. Msimulizi anaingia mahali pa ukimya, anakutana na watu ambao hawasemi wanachopaswa kusema, wanafalsafa wakubwa wa Ulaya wanatokea kama wazee wa mtaa, na kuna ngoma inayongojewa. Ukijaribu kutafsiri kila kitu kwa maana yake, ukurasa wa kumi umechoka. Ukiacha kitu kikupite, lugha yenyewe inakubeba, kwa sababu Kezilahabi alikuwa mshairi, na sentensi zake ni fupi, safi, hazina madoido. Mtu wa kutunza wazee, aliyekesha na wagonjwa wanaozungumza na waliokwisha kufa, hatashangazwa na Nagona hata chembe. Atakayeshangazwa ni sisi.

Lakini si kitabu cha kuanzia. Na si cha mchana. Kisomwe taa za ndege zikishazimwa na watu wamelala.

Kwa Walenisi ya Katama Mkangi (1995) nilikuwa na matumaini makubwa, na sehemu ya kwanza inayastahili. Dzombo anahukumiwa kifo, na adhabu yenyewe ni kutiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani, si cha kumrudisha. Yeye anakiongoza mpaka anafika nchi ya Walenisi, ambayo ukilikata jina lake unapata wale ni sisi. Soma hayo ukiwa umefunga mkanda, umbali wa kilomita kumi juu ya ardhi, halafu niambie kama kuna riwaya nyingine ya Kiswahili inayoweza kukubana tumbo hivyo. Mkangi alijua alichokuwa anakiandika, kwa kuwa mwenyewe aliwekwa kizuizini mwaka 1986 wakati wa utawala wa Moi. Hofu ya Dzombo si ya kubuni tu.

Taabu inaanza chombo kikishatua. Walenisi ni nchi ya haki, na nchi ya haki katika riwaya ni kama nyumba ya tajiri mpya: mwenyeji lazima akutembeze kila chumba. Dzombo anatembezwa na kuelezwa, anauliza na kujibiwa, na msomaji anaanza kutazama ramani ya safari kwenye kioo cha kiti. Ndipo linapoonekana tatizo la fantasia yetu karibu yote, kwamba dunia ya ajabu inajengwa ili ifafanue dunia ya kawaida, na ikishamaliza kufafanua haina kazi nyingine. Kiumbe wa ajabu haruhusiwi kuwa wa ajabu tu. Lazima awe ubepari, au ukoloni mamboleo, au utandawazi.

Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002) ina ugonjwa huohuo, ingawa ina mbio zaidi. Msimulizi anazungushwa duniani akimtafuta P.P., na kila kituo kina kisa cha historia ya karne iliyopita. Ni kitabu cha akili, kinachekesha pia, lakini kila baada ya kurasa chache kinakugonga begani kikuulize: umeelewa hii inahusu nini? Ndani ya maktaba ni raha. Ndani ya ndege ni kama kukaa karibu na mtu mwerevu asiyenyamaza.

Ziraili na Zirani ya William Mkufya (1999) naitaja kwa tahadhari tu. Ni riwaya kubwa kwa fikra, lakini jalada lenye jina la malaika wa mauti silipendekezi kwa abiria, ndege ikianza kutikisika juu ya Bahari Nyeusi.

Sasa, tukiwalinganisha na wenyeji wetu hapa, utaona kitu. Waswidi walipata tafsiri ya Tolkien iliyofanywa na Åke Ohlmarks kati ya 1959 na 1961. Tolkien mwenyewe hakuipenda, wasomaji waligombana juu yake kwa miaka na miaka, mpaka ikatoka tafsiri mpya ya Erik Andersson mwaka 2004 na 2005, na ugomvi ukaanza upya. Watu wazima, wenye kazi zao na mikopo ya nyumba, wanagombania jina la kijiji ambacho hakipo! Huo ndio utajiri ninaouonea wivu. Sisi tuna Mashimo ya Mfalme Suleimani tangu 1929, tuna Alice aliyetafsiriwa mwaka 1940 na akatafsiriwa tena na Ida Hadjivayanis mwaka 2015, kazi ya kupendeza. Lakini ugomvi wa wasomaji uko wapi? Hakuna, maana kitabu kisichotahiniwa hakizungumzwi, na kisichozungumzwa mchapishaji anaogopa kukirudia.

Mtu ataniambia kuna Mchawi wa Kunguru wa Ngũgĩ, kurasa zaidi ya 700, vichekesho, uchawi, mtawala anayetaka kujenga mnara wa kufika mbinguni. Kweli kabisa, na kwa ukubwa na utamu ndicho kitabu cha ndege kuliko vyote. Ila Ngũgĩ alikiandika kwa Kikuyu, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, nami jina hilo la Kiswahili nimelitunga tu ili nisikitaje kwa lugha ya mbali. Yule mama alitaka Kiswahili. Kiingereza anakijua, Kiswidi anakisema kutwa. Alitaka saa kumi na mbili za lugha yake bila kazi ndani yake, na ombi hilo si dogo kwa mtu anayeishi Tumba, mahali ambapo jina lenyewe la mji, kwetu ua ambalo halijafunguka, kwa mtoto wake ni kituo cha treni tu.

Kwa hiyo chaguo langu ni Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001). Nimepima sana. K ni mkubwa, ana cheo, ana mali, na dhamiri yake imelala fofofo. Babu yake aliyekwisha kufa anamtokea na kumchukua kumwonyesha nchi ilivyo. Utasema, si ni fumbo vilevile? Ni fumbo, ndiyo. Tofauti ni kwamba mzimu huyu ni babu wa mtu. Hakuja kama hoja, amekuja kama mzee wa ukoo aliyechukizwa, na kila aliyewahi kurudi nyumbani baada ya miaka mingi anaijua ile hofu: nani atanipokea, na ataniuliza nini? Mohamed, mzaliwa wa Pemba aliyefundisha Bayreuth kwa miaka mingi, anaijua. Kiswahili chake ni kizito, cha visiwani, kina maneno ya kukusimamisha, lakini maana inashikwa kwa mwendo wa habari hata neno moja likikuponyoka. Na haendi kasi pale inapotakiwa asiende: uoga wa K anaukalia, anaugeuza, mpaka nawe unaanza kutafuta chanzo chake ndani yako.

Kasoro ipo. Mwishoni mwandishi anambana K kupita kiasi, kana kwamba anaogopa tusije tukamhurumia. Ningependa tungeachiwa huruma kidogo.

Kukipata ndiyo kazi. Sheria ya maktaba ya Uswidi inazitaka maktaba ziwajali pia watu wenye lugha mama nyingine, kwa hiyo ulizeni, hata hapa Tumba. Msomaji asiyeuliza hahesabiwi. Inachekesha kidogo kwamba mji huu ulianzishiwa kiwanda cha karatasi mwaka 1755, karatasi bora kabisa, lakini ilikuwa ya noti za benki.

Yule mama nimempa Babu Alipofufuka ya kwenda. Ya kurudi nimemtilia Nagona ndani ya bahasha, bila dibaji yoyote kutoka kwangu.