Wahandisi wako wapi katika Katanga Business?



Jumamosi iliyopita tulikutana hapa Kolwezi, watu kama 20 hivi na projekta ya kuazima, tukaangalia Katanga Business ya Thierry Michel. Ni filamu ya 2009, wengi wenu mliiona zamani. Mimi niliiona mara ya kwanza Johannesburg, wakati nilikuwa prezida wa chama kidogo cha wahandisi na wanasayansi Wakongo wa kule. Siku ile niliipigia makofi. Safari hii nimetoka na roho nzito.

Kwanza tumpe mtu haki yake. Michel, Mbelgiji aliyetengeneza pia Mobutu, roi du Zaïre (1999), anajua kukaa karibu na wakubwa. Hadithi anawabebesha wanaume wanne: Moïse Katumbi, gavana wa Katanga wakati ule, George Forrest, mfanyabiashara aliyezaliwa hukuhuku Katanga, Paul Fortin, Mkanada aliyewekwa kuongoza Gécamines, na Min Guowei, Mchina aliyekuja kutafuta mikataba. Upande wa pili wako wachimbaji wa mikono na vumbi lao. Ukitaka kuelewa nchi yetu ya miaka ile, kabla Lualaba haijawa jimbo 2015, sijui filamu inayokufikisha haraka kuliko hii. Na hatuhubirii, asante sana.

Lakini taa zilipowaka, dada mmoja, amemaliza metalurjia juzi tu, akaniuliza: "Papa Prezida, shiye tuko wapi mule?"

(Wanaendelea kuniita Prezida hata kama kiti nilikwisha kukiacha.)

Nikatafuta jibu. Mwanasiasa yuko, tajiri yuko, mgeni yuko, maskini yuko na koleo lake. Mtoto wa hapa aliyesoma, yule anayejua asidi inayeyushaje jiwe na shaba inakuja kushika vipi kwenye katodi, yeye habebi hadithi. Kwa Michel, Katanga ni wenye franga juu na wenye shimo chini. Katikati hakuna mtu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Gécamines ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na wahandisi wa nchi hii walikuwa mule ndani, zamu za usiku pamoja. Halafu 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika ule mpango wa "kuondoka kwa hiari" uliolipwa na franga za Benki ya Dunia. Elimu ya miaka 20, 30, ikarudi nyumbani kulima mihogo. Mtazamaji asiyejua hayo ataamini Mkanada na Mchina walikuta pori.

Basi, nilikuwa nimeanza kufurahia ukali wangu. Usiku nikafungua daftari la mikutano ya chama chetu cha Johannesburg.

Miaka mitatu ya uongozi wangu njo hii: michango ya matanga, kusafirisha maiti, makaratasi ya viza, sherehe ya 30 Juni, ugomvi wa watu wa Likasi na watu wa Kolwezi juu ya nani awe mshika sanduku. Mazungumzo ya kazi yenyewe, madini na mashine, yalifanyika mara moja. Walikuja watu 11. Sidharau matanga, mtu akifia ugenini lazima watu wake wasimame. Lakini hatukuandika hata ukurasa mmoja juu ya migodi ya kwetu, na wengi wetu tulikuwa tunaifahamu kuliko hao wanne wa filamu. Mwenye kamera angebisha kwa nani? Mimi mwenyewe nilipenda kuitwa Prezida kuliko kuifanya kazi ya prezida. Nimekwisha kusema.

Kuna watu wanapenda kututupia mfano wa Wakorea. Wanasayansi na wahandisi Wakorea walioko Marekani waliunda chama chao, KSEA, 1971. Mwaka uleule hapa kwetu vyuo vikuu vitatu viliunganishwa kuwa UNAZA. Sawa, lakini mfano huo usemwe wote. Miaka mitano mbele yake, 1966, serikali ya Korea ilikuwa imeanzisha taasisi ya utafiti, KIST, ikatafuta watoto wake walioko nje, ikawapa maabara, nyumba na mshahara wa kueleweka. Chama cha ugenini kilikuwa na mlango wa kubisha nyumbani. Sisi tulibisha ukuta, kisha tukarudi kupanga sherehe.

Lakini ukuta nao hautoshi kuwa kisingizio. Sandrine Mubenga anafundisha University of Toledo, Ohio, na utafiti wake ni wa betri za lithiamu, zile zinazokula kobalti yetu. Hakungoja mlango. Alianzisha STEM DRC Initiative kusaidia vijana wa Kongo wasome sayansi, na 2020 akapewa kuongoza mamlaka ya kusimamia umeme nchini. Mtu kama huyo angemharibia Michel picha yake ya juu na chini, na ingekuwa vizuri iharibike.

Kwa hiyo filamu naikosoa bado, ila sauti yangu imeshuka. Jumamosi hii tunaionyesha tena. Tumeomba wazee wanne waliofanya kazi ya uzine wakae mbele, tusimamishe filamu pale wanapotaka, waseme walichokuwa wanafanya miaka ile. Yule dada ataongoza, mimi nitaandika. Tutaanza saa 9 mchana, umeme ukikubali.