Prosesa ya spika: ikwalaiza ingoje

Harusi za Bamburi na za Mtongwe, Mombasa, hukodi vyombo vinavyofanana: spika mbili za inchi 15 juu ya stendi, besi mbili za inchi 18 chini, amplifaya mbili, mikisa, na siku hizi kisanduku chembamba cha prosesa ya dijitali, dbx DriveRack au Behringer DCX2496, kimefungwa kwenye raki. Fundi akishakiwasha tu, mkono unakimbilia ikwalaiza. Kosa linaanzia hapo, maana ikwalaiza ndiyo ya kuguswa mwisho.

Kazi ya kwanza ni kugawa masafa. Krosova ya Linkwitz-Riley, iliyopewa majina ya wahandisi wawili wa Hewlett-Packard miaka ya 1970, hukata kwa desibeli 24 kila oktavu. Ukiiweka Hz 90, besi na spika ya juu kila moja huwa imeshuka desibeli 6 pale zinapokutana, na zikijumlishwa hakuna shimo wala nundu. Taarabu ya Mombasa inanufaika sana na mpango huu: sauti ya mwimbaji, kinanda na tashkota vyote vinabaki juu, na spika ya inchi 15 iliyotuliwa mzigo wa besi haimezi tena maneno. Chini ya Hz 35 kata kabisa. Besi yenye matundu ikisukumwa chini ya pale kasha lake lilipopimiwa, koni huyumba ovyo bila kutoa sauti ya maana, na koili ndiyo inayoumia.

Halafu chanya na hasi. Hewa ya chumvi inakula soketi, waya zinakatwa na kuungwa kila mara, na siku moja mtu anaziunga kinyume. Cheza mlio mtupu wa Hz 90, besi na spika za juu zikilia pamoja, ukasimame watakapokaa wageni. Geuza alama ya besi ndani ya prosesa. Mlio ukipanda, huenda waya zilikuwa kinyume tangu mwanzo. Ukishuka, huenda zilikuwa sawa. Sasa chagua ule upande wa kushuka makusudi, ucheze na diliei kidogo kidogo mpaka mlio ukaribie kupotea, kisha urudishe alama. Ukipata namba hiyo, besi iliyokuwa ikisikika kwa mbali inakupiga kifuani bila kuongeza hata wati moja. Pa kuanzia panajulikana: kwenye joto la nyuzi 30 sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo besi zilizowekwa mita moja mbele ya stendi zicheleweshwe milisekunde 2.9. Kwa tenti ndefu ya Magongo iliyoziba barabara, spika za nyongeza zilizo mita 14 nyuma zinahitaji milisekunde 40, na ukiongeza 10 hivi mgeni wa nyuma bado atahisi sauti inatoka jukwaani.

Limita ndiyo inayookoa pesa, na haiwekwi kwa sikio. Chukua besi ya wati 400 za kudumu (si zile namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi) yenye ohm 8. Zidisha 400 kwa 8, upate 3,200. Kipeuo chake cha pili ni karibu volti 56.6. Amplifaya yenye ukuzaji wa desibeli 32 huzidisha volti mara 40. Gawanya: prosesa isitoe zaidi ya volti 1.41, yaani +5.2 dBu. Limita ikae hapo. Besi mbili zikiungwa sambamba volti hazibadiliki, kwa hiyo hesabu ni ile ile.

Mafundi wengi hupunguza vifundo vya amplifaya wakidhani wanalinda spika. Kifundo kinapunguza kinachoingia tu. Nguvu ya amplifaya iko pale pale, na mikisa ikizidishwa itafikiwa. Tena ukiweka limita kifundo kikiwa nusu, akaja kijana akakifungua chote usiku wa manane, kikomo ulichokipima hakilindi tena. Fungua vifundo vyote, pima, kisha uvizibe kwa utepe.

Ndipo sasa ikwalaiza, na kazi yake kubwa ni kupunguza. Maiki ikipiga mruzi, tafuta masafa yake uyachome kwa mkato mwembamba. Kuongeza desibeli 6 kwenye besi ni kuidai amplifaya nguvu mara nne, na stima ya mwisho wa laini haina hiyo. Nje hakuna kuta za kurudisha besi, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa; afadhali besi ya tatu kuliko kifundo. Tena kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya makazi ya watu, na nyumba za Kisauni zimebanana.

Hifadhi mpango kwa jina utakalolikumbuka, kisha ufunge prosesa kwa nenosiri, maana saa sita usiku mjomba wa bwana harusi atakuja kuomba besi iongezwe.