Adabu ya Kusoma Mapigo ya Ziwa

Dagaa wanaofika Buzuruga, katika Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, hufuata hesabu ya mwezi, kwa kuwa usiku wa giza taa huwavuta juu ya maji, na mbalamwezi inapojaa wavuvi hupumzika, hivyo neema na uhaba hupokezana kila baada ya siku 29 na nusu hivi. Mvuvi mzoefu huyajua bila daftari mambo matatu ya mpigo huo: kipindi, yaani muda wa duru moja, kimo, yaani kiasi cha kupanda na kushuka kwake, na awamu, yaani mahali duru ilipofikia leo. Joseph Fourier wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto, aliupa ujuzi wa namna hiyo kanuni, ambayo kwayo mwendo uliochanganyika huchambuliwa na kila mpigo ukapewa vipimo vyake.

Vina vya Ziwa Victoria vimeandikwa tangu 1896, na ndani ya tarakimu hizo hupatikana mpigo wa miezi 12 na wa miezi 6, alama ya masika na vuli. Hata hivyo, anayesoma bao la kupimia maji kila siku saa moja asubuhi hatauona mpigo wa upepo, uvumao kutoka ziwani mchana na kutoka nchi kavu usiku, kwa sababu kila afikapo huukuta pale ulipokuwa jana. Ndiyo maana kanuni hudai usomaji zaidi ya mara mbili katika kila duru inayotafutwa.

Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa Mwingereza, C.E.P. Brooks, aliuhusisha mwendo wa ziwa na madoa ya jua, yenye duru ya miaka 11 hivi, ilhali kumbukumbu zilibeba duru mbili na ushei tu. Uhusiano huo ulivunjika baadaye, na mvua kubwa zilizoanza 1961 zikaliinua ziwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964.

Leo programu huchora mapigo kwa sekunde chache, na wengi huridhika na mchoro bila kuuliza ni siku ngapi zilizoachwa wazi, wala nani aliyeshuka kusoma bao mvua ikinyesha. Kanuni huchambua kilichoandikwa tu. Asubuhi iliyorukwa imekwenda na maji yake.