Marcel Lefebvre na Shtaka la “Misa ya Luther”

Marcel Lefebvre (1905–1991), padre wa Shirika la Roho Mtakatifu, alikuwa mmisionari nchini Gabon tangu 1932, kisha Askofu Mkuu wa Dakar. Alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lakini akayakataa mageuzi yake. Tarehe 30 Juni 1988 aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa, akatangazwa kutengwa na kanisa lake.

Barua yake ya wazi kwa Wakatoliki waliofadhaika, iliyochapishwa kwa Kifaransa mwaka 1985, yatuhusu sisi Walutheri. Humo adai kwamba Misa iliyotangazwa mwaka 1969 imeifuata njia ya Luther: lugha ya watu, altare ikielekea ushirika, na karamu mahali pa sadaka.

Haki yamstahili: hakuiona liturgia kuwa pambo tu. Alijua kwamba jinsi watu wasalivyo ndivyo waaminivyo. Hata hivyo, Luther amshtakiye siye Luther wa historia. Utaratibu wa Misa alioutoa Luther mwaka 1523 ulikuwa wa Kilatini. Alipotoa ule wa Kijerumani mwaka 1526, hakutaka Kilatini kiachwe, kwa ajili ya vijana. Huko Wittenberg mkate uliendelea kuinuliwa hadi 1542. Alichokiondoa Luther ni sala zilizoifanya Meza ya Bwana kuwa sadaka ya mwanadamu kwa Mungu. Kwake ni Mungu atoaye, nasi twapokea. Basi Lefebvre alikitambua kiini cha hitilafu, yaani sadaka, ila akakitafuta katika lugha na altare. Tena Misale mpya ya Roma bado yaitaja sadaka waziwazi.

Je, uasi wake wafanana na ule wa Luther, aliyetengwa mwaka 1521? Kwa sura, ndiyo. Kwa msingi, sivyo. Luther alikata rufani kwa Maandiko. Lefebvre aliwakatia rufani mapapa waliotangulia dhidi ya papa aliye hai. Hivyo aliitetea mamlaka ileile aliyoivunja, na fundo hilo hakulifungua.

Tusimcheke. Nasi tunazo liturgia zilizoletwa na wamisionari kutoka Ulaya, na wako miongoni mwetu wasiokubali neno moja libadilike; wako pia wabadilishao kila Jumapili. Wote wawili yawapasa kujibu swali moja: je, katika ibada hii Kristo angali anatolewa bure kwa wenye dhambi?