Kuatamia si Kulea

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo hunijia kila ninaposikia habari za vituo atamizi, yaani mahali ambapo vijana wenye kampuni changa za teknolojia hupewa hifadhi, mfano wa mayai chini ya kuku. Sina ugomvi na nia yake. Ugomvi wangu ni mahali kazi yake inapokomea.

Jina lenyewe lina asili ya kuku kweli. Mwaka 1959, katika mji wa Batavia, jimbo la New York, Marekani, Joseph Mancuso alianza kukodisha vyumba vya kiwanda kilichofungwa kwa wafanyabiashara wadogo. Mpangaji mmoja ilikuwa kampuni ya kutotolesha vifaranga, na mzaha juu ya vifaranga hao ukazaa jina. Huku kwetu SIDO ilianza kuhudumia viwanda vidogo mwaka 1973, na mwaka 2011 kikazaliwa kituo atamizi cha Teknohama, DTBi, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, jijini Dar es Salaam.

Kazi ya vituo vya namna hii si haba. Kijana hupata meza, umeme, intaneti na mtu wa kumwelekeza namna ya kusajili kampuni, kutunza hesabu na kuzungumza na wenye mitaji. Aliyewahi kufanya kazi usiku kwa mwanga wa simu hawezi kuyabeza hayo.

Lakini, ndugu msomaji, ninaye mpwa wangu hapa Tabora. Alitengeneza programu ya simu ya kuandikia asali: nani kaleta kilo ngapi, kalipwa kiasi gani, anadai nini. Mimi ndiye niliyemhimiza aende Dar es Salaam, na nauli ya treni niliitoa mimi. Akakaa miezi sita katika kituo kimoja huko. Alifundishwa kuieleza kazi yake kwa dakika tatu mbele ya majaji, akapata tuzo ya pili, akarudi na cheti. Baada ya hapo, kimya. Hakuna mnunuzi wa asali aliyeijaribu programu ile. Leo kompyuta yake imelala sandukuni, naye anaendesha bodaboda ya mtu.

Kosa li wapi? Hulifikiria kila nipitapo Kwihara, penye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, kando ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Siisifu biashara ile. Ilibeba pembe na kuswaga watumwa, na aibu yake haifutiki. Natazama tu jinsi ilivyopangwa. Mwaka 1871 Stanley alitumia miezi mitatu hivi kutoka pwani hadi huku. Wachache mno wangeimudu safari hiyo kwa fedha zao wenyewe. Matajiri wa Unguja, kama Taria Topan, walitoa bidhaa kwa mali kauli: chukua kwa neno lako, utalipa ukirudi. Njiani palikuwa na kambi za kupumzika na kununua chakula, na mbele ya msafara alitangulia kirangozi aliyeijua njia.

Hapo ndipo vituo vyetu, kwa nilivyoona, hupungukiwa. Huhesabu mayai yaliyoanguliwa: vijana wangapi wamehitimu, tuzo ngapi zimetolewa. Heri vingehesabu wateja wanaolipa miaka miwili baada ya kijana kuondoka. Kampuni changa huhitaji mteja wa kwanza aliye tayari kuipokea ikiwa bado na kasoro zake. Programu ya asali ilipaswa kuatamiwa palipo na asali, karibu na wafugaji wa nyuki na maghala yao, msimu mzima, huku mnunuzi akiruhusiwa kulipa mavuno yakiisha. Hiyo ndiyo mali kauli ya siku zetu.

Nikisema hayo, najisuta mwenyewe. Nimeishi mji huu miaka mingi, nawafahamu wanunuzi watatu wa asali kwa majina, wala sikumpeleka mpwa wangu kwa hata mmoja. Nilidhani nauli inatosha.

Juzi nilimwomba aitoe kompyuta sandukuni. Akaniuliza, "Mjomba, tunakwenda kwa majaji gani tena?"

Nikamjibu kwamba safari hii tunakwenda ghalani.